Tramu iliyoitwa Tamaa: Mabango ya New Orleans yana mengi ya kusema

Msafiri wa Nairobi ana kazoea kake. Mat inasimama mbele yake, kwenye kioo imeandikwa 58, lakini bado atamuuliza makanga: “Hii ni ya Buru?” Tumezoea kwamba namba ni namba tu, na safari ni vile makanga atasema.

Sasa twende New Orleans, kusini mwa Marekani, jiji ambalo limekuwa na tramu tangu 1835. Mwanzoni zilivutwa na wanyama, baadaye zikaendeshwa kwa umeme. Huko jina lililo juu ya kioo cha mbele lilikuwa jambo la maana. Jina moja lilifika hadi Hollywood. Kuna maandishi mengine pia, ambayo watalii hawayapigi picha.

Tuanze na jinsi bango lenyewe lilivyofanya kazi, maana zamani hizo hakukuwa na taa za dijitali. Ndani ya kisanduku juu ya kioo kulikuwa na kitambaa kirefu kilichoviringishwa kwenye vijiti viwili, kimoja juu na kingine chini. Kwenye kitambaa hicho majina ya vituo vya mwisho yalipangwa moja chini ya jingine. Mfanyakazi wa tramu alizungusha mkono mdogo wa chuma mpaka jina alilotaka likae sawa dirishani. Usiku taa iliwaka nyuma ya kitambaa, nawe ukasoma jina ukiwa mbali.

Tramu hizo zina vichwa viwili. Zikifika mwisho wa reli hazigeuki. Dereva huhamia upande wa pili, migongo ya viti husukumwa iangalie mbele, na safari ya kurudi huanza. Kwa hivyo bango la kila upande lilihitaji kubadilishwa. Ukisahau, abiria wanapanda wakidhani wanaenda mjini, kumbe wanarudi mtaani.

Njia moja iliishia karibu na mtaa wa Desire, na tramu zake zikabeba jina hilo. Kwa Kiswahili ni Tamaa, au ukipenda, Hamu. Njia hiyo ilianza 1920. Mwandishi Tennessee Williams, aliyeishi jijini humo, aliona jina hilo likipita barabarani kila siku, akalitumia kuipa jina tamthilia yake A Streetcar Named Desire. Ilianza kuonyeshwa Broadway, New York, Desemba 1947, ikashinda Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na 1951 ikawa filamu ya Marlon Brando na Vivien Leigh.

Lakini hapa pana kioja. Mwaka 1948, watu wakiwa bado wanajaza ukumbi kule New York, njia ya Desire ilifungwa na basi likachukua nafasi ya tramu. Dunia nzima ikawa inajua jina la tramu ambayo haipo tena.

Hiyo ndiyo stori ambayo kila mtalii husimuliwa. Hii nyingine inahitaji uingie ndani ya behewa.

Hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kampuni za tramu za New Orleans bado ziliwatengea watu weusi magari yao. Yalichorwa nyota nyeusi ubavuni ili kila mtu ajue. Hata asiyejua kusoma alielewa: kama wewe ni mweusi, ngoja ile yenye nyota, hata kama zisizo na nyota zinapita zikiwa nusu tupu.

Aprili 1867 mwanamume mweusi kwa jina William Nichols alipanda gari lisilo na nyota na kukataa kushuka. Akatolewa kwa nguvu. Siku zilizofuata wengine wakafanya vivyo hivyo, mitaa ikajaa waandamanaji, na mapema Mei kampuni zikasalimu amri. Nyota zikafutwa. Hii ilikuwa karibu miaka 90 kabla ya Rosa Parks kukataa kumpisha abiria mzungu kwenye basi la Montgomery.

Ushindi huo ulidumu miaka 35. Mwaka 1902 sheria ya jimbo la Louisiana iliamuru abiria watenganishwe tena, na safari hii alama ilikuwa ndani. Ilikuwa kibao cha mbao kilichochomekwa juu ya mgongo wa kiti, kikisema kwamba viti vya nyuma yake ni vya watu weusi pekee. Kibao hicho kilihamishika. Wazungu wakiongezeka, kilisogezwa nyuma, na mtu mweusi aliyekuwa ameketi vizuri akajikuta amesimama, ilhali fare amelipa.

Kwa hivyo tramu ya Desire ilipokuwa ikipita karibu na alipoishi Williams, ilikuwa na maandishi mawili. La nje lilikuwa sawa kwa kila msomaji: gari linaenda Desire. La ndani lilikuambia thamani yako kabla hujakaa. Vibao hivyo viliondolewa 1958, baada ya amri ya mahakama. Desire ilikuwa imeshakufa miaka 10 nyuma.

Leo tramu za kijani za njia ya St. Charles, zilizoundwa miaka ya 1920, bado zinabeba watu kila siku. Njia ya Canal, iliyofungwa 1964, ilirudishwa 2004, na baadhi ya magari yake yana bango lenye neno Cemeteries, yaani Makaburini, kwa sababu reli inaishia penye makaburi ya kale.

Kwa hivyo ukikutana mtandaoni na picha ya tramu ya zamani ya jiji hilo, furahia hilo jina la mbele, linapendeza kweli. Kisha chungulia madirishani, uangalie nani ameketi mbele na nani yuko nyuma.