Msomi na Mzigo: Suala la Ajira ya Wahitimu wa Vyuo Vikuu

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa swali moja hurudi kila mara: mhitimu wa chuo kikuu afanye nini asipopata kazi? Wapo makada wanaojibu kwa mkato kwamba vijana wanachagua kazi. Wapo vijana wanaojibu kwamba Serikali imewatupa. Majibu yote mawili yanakwepa suala la msingi: ajira hutoka wapi? Tunaanza uchambuzi wetu Tabora, kwa sababu historia ya mji huo ni historia ya kazi.

Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa kama kilomita 1,200, na Tabora ilikuwa njia panda yake. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara, kwa vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi stadi. Walipatana ujira kabla ya safari, walidai posho yao, na walipopunjwa waliweza kuweka mizigo chini kwa pamoja. Utaalamu walikuwa nao, nidhamu walikuwa nayo, umoja pia. Lakini bidhaa hazikuwa zao, na mtaji ulitoka kwa matajiri wa Unguja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa njia ile ulikufa. Wanyamwezi wengi walikwenda kuuza nguvu zao katika mashamba ya mkonge.

Funzo la kwanza ni hili: mtu asiye na kitu ila nguvu yake ya kazi, iwe ya mabega au ya ubongo, humtegemea mwenye mzigo.

Sasa tuitazame elimu. Mkoloni alifungua Shule ya Serikali ya Tabora miaka ya 1920, kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu, ili wamsaidie kutawala. Elimu ikawa tiketi ya kuingia ofisini. Baada ya Uhuru nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa wataalamu, na Serikali ikawapangia kazi wahitimu. Hata hivyo kasumba ilibaki. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na baadaye akafundisha huko, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu huo haukudumu. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yakabana ajira serikalini na kubinafsisha mashirika ya umma, wakati vyuo vikuu vikiongezeka, hadi Tabora kwenyewe.

Leo mhitimu ana njia nne. Kwanza, utumishi wa umma, ambako nafasi ni chache kuliko waombaji. Pili, kampuni binafsi, ambazo huajiri kwa kadiri ya faida yake. Tatu, kutafuta shahada ya pili. Hilo ni jema kwa anayekwenda kuongeza ujuzi, lakini kwa anayekimbia kukosa kazi ni kuahirisha tatizo. Nne, kujiajiri.

Hapa tusidanganyane. Kumwambia kijana "jiajiri" bila ardhi, mtaji wala soko ni kumlaumu mpagazi kwa kuja kwa reli. Kijana huyo ana deni la Bodi ya Mikopo. Akiajiriwa, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inamkata asilimia 15 ya mshahara. Mzazi wake huenda aliuza ng'ombe ili amsomeshe.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba ajira huzaliwa na uzalishaji. Tumbaku ya Tabora na Urambo kwa miaka mingi imepelekwa Morogoro kusindikwa. Pamoja na jani hilo husafiri kazi ya mhandisi, ya mkemia na ya fundi mitambo. Asali ni vivyo hivyo: Tabora ina misitu ya miombo na chuo cha ufugaji nyuki, lakini anayepima, anayefungasha na anayetafuta soko ndiye anayebakiwa na thamani.

Wajibu wa Chama ni kusimamia mambo mawili. Vyama vya msingi vya ushirika viajiri wahasibu na mabwana shamba wasomi, maana ushirika usio na hesabu safi humnyonya mkulima kama dalali. Na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ikasitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ifike kwa vikundi vinavyozalisha, si kwa vikundi hewa.

Wajibu wa msomi ni kuacha kuuona ushirika wa kijijini kuwa mahali pa walioshindwa. Mpagazi aliweka mzigo chini kudai posho. Msomi na mkulima wadai zaidi ya posho: wadai kuumiliki mzigo.