Adabu ya Kuzungumza Juu ya Nasaba



Leo tulitazame jambo linalotajwa kwa kunong'ona katika vikao vya posa: fulani ni mwungwana, au ni mjukuu wa watumwa?

Hapa Nzuguni, penye kituo kikuu cha mabasi cha Dodoma, watu huja kutoka kila pembe ya nchi; na tangu Serikali ilipoanza kuhamia mjini kwetu mwaka 2016, mtu wa Pwani na mtu wa Kigoma wamekuwa majirani wa Mgogo. Majirani huoana. Posa ikiletwa, wazee huuliza asili, na kuuliza si dhambi. Dhambi huingia katika jibu.

Misafara ya karne ya 19 baina ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii ya Ugogo, na katika njia hiyo waliteremshwa pwani watu waliofungwa minyororo. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Anayeitwa mtumwa leo hakununuliwa na yeyote. Aliyenunuliwa ni babu wa babu yake, naye alidhulumiwa. Ajabu ni kwamba aibu amerithishwa mjukuu wa aliyeuzwa, si mjukuu wa aliyeuza!

Watu husema: "Lakini Sheikh, vitabu vyetu vinataja kafaa." Kweli. Madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu, yamehesabu nasaba katika kulingana kwa mume na mke, hali Imam Malik aliitazama dini. Lakini kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia, ndoa ni sahihi. Ni haki ya kukubali au kukataa, wala haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kutukana.

Tazameni kisa cha Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi. Alipomaliza eda aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaja kutaka shauri kwa Mtume (S.A.W.). Mtume alimweleza kwamba mmoja hana mali na mwingine ni mkali kwa wanawake, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Fatima hakupendezwa mwanzo. Baadaye alikubali, akaiona kheri. Zingatieni yaliyosemwa na yasiyosemwa. Aibu zilizotajwa ni zile zinazomgusa mke ndani ya nyumba. Ukoo haukutajwa hata kidogo.

Na Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomtukana mtu kwa sababu ya mama yake, Mtume alimwambia kwamba ndani yake mngalimo ujahili. Ikiwa yeye aliambiwa hivyo, sisi ni nani?

Katika mwambao wetu, Habib Saleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija akahamia Lamu, alifundisha dini hata wale waliodharauliwa kwa asili ya utumwa, na msikiti wake wa Riyadha ukasimama mtaa wa Langoni. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukia. Leo Maulidi ya Riyadha huwakusanya watu wa nchi nyingi.

Tusidhani jambo hili ni la watu wa pwani peke yao. Wako wanaolitamka jina la Mgogo kwa maana ya ombaomba, nao wanakaa katika ardhi ya Wagogo! Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza dharau na majina ya kubandikana.

Basi mzee akiulizwa juu ya mposaji, na aseme ayajuayo: je, anaswali, analipa madeni, alimtendeaje mke wa kwanza? Na wenye binti wasiporidhia, wamwambie mshenga, "Hatukuafikiana." Neno hilo latosha, naye atalifikisha bila kumvunjia mtu heshima.