Je, Wajua? Alama kwenye Mdeki wa Gobore

Je, wajua kwamba gobore lililoshindiliwa vibaya linaweza kumpasukia mpigaji mikononi?

Gobore hupakiwa kupitia mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha goroli, halafu mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, huisukuma goroli mpaka ilale juu ya baruti. Ikibaki nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana mshindiliaji makini huchonga alama kwenye mdeki, usawa wa mdomo wa mtutu. Alama ikibaki juu, goroli haijafika.

Gobore lina historia pia: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Bunduki za gumegume, aina ya gobore, zisizo na mifuo ndani ya mtutu ziliachiwa mlango.

Risasi ya leo nayo ina kina chake: kichwa kikizama mno ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda. Milimita chache tu ni suala la uhai.