Je, Wajua? Radi Haingoji Mvua

Tarehe 28 Juni 2025, mjini Charlotte, Marekani, mechi ya Kombe la Dunia la Klabu kati ya Chelsea na Benfica ilisimamishwa zikiwa zimesalia dakika chache, Chelsea wakiongoza bao 1–0. Radi ilikuwa imekaribia uwanja. Timu zilikaa ndani kwa muda wa saa mbili hivi. Ziliporudi, Benfica wakasawazisha kwa penalti, na ikabidi Chelsea waje kushinda katika muda wa nyongeza. Kocha wao wa wakati huo, Enzo Maresca, hakuificha hasira yake. Anaeleweka, kwa kuwa mchezo uliokatwa hivyo haurudi ulivyokuwa. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa sahihi, na sababu zimo ndani ya wingu lenyewe.

Katika majira ya joto, Juni hadi Agosti, jua hupasha ardhi ya kusini mwa Marekani, hewa yenye unyevu hupanda kwa nguvu, na wingu la radi hufika kimo cha kilomita 12 na zaidi, karibu mara mbili ya Kilimanjaro. Huko juu chembe ndogo za barafu hugongana na punje nzito zaidi: zilizo nyepesi hubebwa juu na chaji chanya, nzito hubaki chini na chaji hasi. Tofauti hiyo ikizidi, hewa hushindwa kuizuia, na umeme hujipenyeza katika njia nyembamba yenye joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, takribani mara tano ya uso wa Jua. Hewa hutanuka ghafla, nasi tunasikia ngurumo. Katika ukanda huohuo, rasi ya Florida ina bahari pande mbili. Pepo za bahari hizo hukutana juu ya nchi kavu alasiri nyingi za majira hayo, ndiyo maana mwenyeji mwenye busara hupanga uvuvi au sherehe ya bustanini asubuhi. Saa za radi, basi, hubashirika vizuri. Kigumu ni kujua itapiga wapi.

Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu hungoja mvua iwaamulie. Radi inaweza kupiga zaidi ya kilomita 16 kutoka mvua inaponyesha, mahali ambapo anga bado ni la buluu. Ngurumo yenyewe kwa kawaida haisikiki mbali kuliko hapo, hivyo anayeisikia tayari yumo hatarini. Kanuni ya Wamarekani ni kuingia ndani mara isikikapo, na kutotoka mpaka zipite dakika 30 tangu ile ya mwisho. Ikinguruma tena, hesabu huanza upya. Wapo wasemao huo ni woga, kwani siku hizi radi huua watu kama 20 tu kwa mwaka nchini humo. Lakini miaka ya 1940 waliokufa walifika mamia kwa mwaka. Ni kweli kwamba wakulima mashambani wamepungua na tiba imeboreka, ila kujikinga mapema nako kumechangia, na wengi wa wanaouawa sasa hukutwa katika mapumziko: wakivua samaki, ufukweni, michezoni.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwetu. Kabare, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na mkulima wa huko akisikia ngurumo aingie wapi? Kibanda cha udongo na nyasi hakimkingi. Jengo humlinda mtu pale nyaya na mabomba yake, au mfumo wa kukinga radi, vinapoupeleka umeme ardhini. Gari lililofungwa nalo hukinga kwa bodi yake ya chuma, wala si kwa matairi. Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi Runyanya, Uganda, wakiwa shuleni, mahali ambapo kanuni ile ingewaelekeza kukimbilia. Kosa halikuwa la kanuni. Jengo halikuwa na kinga, na kinga hiyo ni vyuma na nyaya ambazo fundi anaweza kuzifunga. Shule ile ilikuja kufungiwa kinga hiyo baadaye, na madarasa mengi ya ukanda wa Maziwa Makuu bado yanasubiri zamu yao.