Lugha ya Jalada la Albamu na Hadhira ya Mwimbaji

Makala haya yahusu jambo ambalo wataalamu wa lugha hawalitazami sana, yaani maneno machache yanayoandikwa juu ya jalada la albamu, na namna maneno hayo yanavyomchagua mtu atakayeinunua. Neno "jalada" nalitumia hapa kwa upana: ni mfuko wa karatasi wa santuri, ni karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha la kanda, na vilevile ni ile picha ndogo ya mraba ionekanayo leo katika simu. Mchoraji wa vitu hivi, pamoja na mfanyabiashara anayemwajiri, huanza kazi kwa swali moja: twamwuzia nani? Jibu lao huonekana katika sura ya mwimbaji, katika rangi na katika umbo la herufi. Walakini halionekani wazi mahali popote kama katika lugha ya jina la albamu.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, nyimbo zake zilitiwa katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kila upande huchukua dakika tatu hivi. Kwa desturi ya siku hizo, santuri ilitiwa katika mfuko wa kampuni uliokuwa sawa kwa waimbaji wote, wenye tundu la mviringo katikati ili kibandiko kipate kusomeka. Jalada lenye picha ya kuvutia lilipata nguvu baadaye, kwa kazi ya Alex Steinweiss, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya Columbia huko Marekani mwaka 1939. Basi katika zama za Siti hadhira ilichaguliwa na wimbo wenyewe. Taarabu ya jumba la Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, iliimbwa Kiarabu. Siti aliimba Kiswahili, na lugha hiyo ilitosha kumwonyesha mnunuzi kwamba bidhaa hii ni yake.

Kanda ilileta hali nyingine. Kifaa hiki kilitolewa na Philips mwaka 1963, na muziki wa kizazi kipya ulipochipuka Dar es Salaam katika miaka ya 1990 ulienea zaidi kwa njia hiyo. Kasha la kanda ni dogo, lakini karatasi yake hukunjwa, na mikunjo hiyo ina nafasi ya orodha ya nyimbo za upande A na B, majina ya waliopiga ala, na shukrani kwa mama mzazi na kwa marafiki wa mtaani. Tazama majina ya albamu za wakati ule: "Ni Mimi" (1995) na "Ndani ya Bongo" (1996) za Mr II, "Machozi, Jasho na Damu" (2001) ya Professor Jay, "Ugali" (2003) ya Juma Nature, "Binti" (2003) na "Moto" (2005) za Lady Jaydee. Haya ni majina ya kutamkwa. Mnunuzi husimama mbele ya meza ya muuzaji na kusema, "Nipe Ugali," na muuzaji akamwelewa, ingawa huenda akatania kwanza. Jina la albamu lilipaswa kupita kinywani mwa mtu kabla ya fedha kutoka mfukoni mwake, na kinywa hicho kilikuwa cha Kiswahili.

Mfano bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni "Kamwambie" (2010) ya Diamond Platnumz. Neno ni moja tu, lakini tukilichambua twaona ka- inayoagiza mtu aende kwanza. -Mw- inayomtaja mtu wa tatu asiyekuwapo. Shina -ambi- na kiishio -e cha kuamuru. Anayeamriwa hana alama yake katika neno. Yeye ni yule alishikaye kasha mkononi. Hivyo mnunuzi hupewa kazi kabla hajasikiliza chochote: amekuwa mshenga. Sijui jina la albamu, katika lugha nilizozisoma, linalomvuta msomaji ndani kwa silabi nne tu. Jina lililofuata, "Lala Salama" (2012), nalo ni usemi wa nyumbani, watu waagapo usiku.

Mwaka 2018 mwimbaji huyo huyo alitoa albamu iitwayo "A Boy from Tandale". Wengine husema hapa kwamba Kiswahili kimesalitiwa. Mimi naona jambo hili lataka uchambuzi kabla ya lawama. Kibainishi cha Kiingereza kilichoanza jina hilo kina kazi maalumu: humleta mbele mtu ambaye msikilizaji hamjui bado. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kujulishwa kwake kwa namna hiyo. Aidha, jina hilo si tafsiri ya "Mtoto wa Tandale". Katika usemi wa mjini, "mtoto wa" mahali fulani ni mwenye haki ya mahali hapo, ajuaye njia zake zote. Ni neno la majivuno. Jina la Kiingereza hudai kinyume chake, kwamba huyu ametoka chini na amefika mbali. Hata hivyo "Tandale" limebaki bila kufasiriwa. Kwa mgeni ni sauti tu. Kwa mwenyeji ni kata ya Kinondoni yenye nyumba zilizosongamana, nalo lina uzito wote wa maisha ya huko. Jina moja limefungua milango miwili, na aliyelibuni alikuwa fundi. Ndani yake nyimbo kama "Sikomi" na "Iyena" zimeimbwa Kiswahili, na wageni kama Ne-Yo na Morgan Heritage wamewekwa kuwapokea wasikilizaji wa nje.

Si kwamba Kiingereza kilianza hapo, kwani Ali Kiba alikuwa na "AliK4Real" tangu 2009. Lakini baadaye desturi ilizidi: "Woman" (2017) ya Lady Jaydee, "Afro East" (2020) ya Harmonize, "Definition of Love" (2021) ya Mbosso, "Sound from Africa" (2021) ya Rayvanny, "Only One King" (2021) ya Ali Kiba mwenyewe. Nadhani sababu kubwa ni kwamba jina halipiti tena kinywani. Msikilizaji hugusa picha kwa kidole. Katika kioo cha simu picha hiyo aghalabu ni ndogo kuliko stempu, hivyo mchoraji hutaka uso mmoja na herufi chache, na orodha ya wapiga ala haina pa kukaa. Jina la albamu sasa lawaelekea zaidi watu wa kati, yaani wale wapangao orodha za nyimbo katika ofisi za ng'ambo na waandishi wa magazeti ya huko. Jalada linazungumza na mtu mmoja, na wimbo unazungumza na mwingine.

Jambo hili latuhusu sisi tuhifadhio maandiko. Mtafiti wa miaka hamsini ijayo atakayekuta majina ya albamu tu ataweza kuhukumu kwamba vijana wa Dar es Salaam mwaka 2021 waliimba Kiingereza, na hukumu hiyo itakuwa ya uongo mtupu. Kwa hiyo nashauri kwamba katika katalogi zetu za muziki lugha ya jalada iandikwe mbali na lugha ya nyimbo, kila moja katika safu yake. Majina ya watunzi na wapiga ala, yaliyokuwa yakikaa katika mikunjo ya kanda, yaulizwe kwa waimbaji wenyewe na kuandikwa maadamu wangalipo. Na kanda za miaka ya 1990 zipokelewe pamoja na karatasi zake, hata kama utepe wenyewe umeharibika na haulii tena.