Mzaliwa, Mwenyeji na Mtoto wa Mji: Watu Mashuhuri wa Bukavu

Maneno mzaliwa, mkazi na mwenyeji hukaribiana kimaana, lakini hayalingani. Mzaliwa hutambulishwa na mahali alipozaliwa, hata kama aliondoka akiwa bado mchanga. Mkazi hutambulishwa na mahali anapoishi. Mwenyeji ni yule ambaye mahali panamtambua kuwa ni pake, kiasi kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kumkaribisha mgeni. Katika miji mingi tofauti hii huwashughulisha watunga kamusi tu. Huko Bukavu, mji ulio kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu na unaopakana na Rwanda kwenye mto Ruzizi, tofauti hiyo imewahi kuamua hatima za watu. Ndiyo maana swali jepesi kama hili, kwamba ni nani watu mashuhuri wa Bukavu, halina jibu moja.

Lugha ya mitaani ina istilahi yake ya nne, nayo ni mutoto wa Bukavu. Kiambishi mu- hutamkwa kikamilifu, kama ilivyo desturi ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na wingi wake ni batoto. Mutoto wa Bukavu si lazima awe amezaliwa hapo, wala mzaliwa hawi mutoto wa Bukavu kwa kuzaliwa pekee. Ni daraja ambalo mtu hupewa na wenzake.

Sababu za istilahi hiyo kuwapo zimo katika historia ya mji wenyewe. Bukavu si mji wa kale kama ile ya mwambao. Wabelgiji waliweka kituo chao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, katika nchi ya Washi. Kuanzia mwaka 1927 waliuita Costermansville, na jina la Bukavu likarejeshwa katika miaka ya 1950. Waliojaza mitaa ya Kadutu na Bagira walikuwa Washi, Warega, Wahavu, Wafuliiru, Wabembe na wengineo waliofuata kazi, shule na biashara, wakiwamo watu waliovuka Ruzizi. Kiswahili ndicho kilichowawezesha kusikilizana. Kwa hiyo, katika mji wa namna hii, kumtafuta mwenyeji kwa kufuata ukoo ni kutafuta kitu ambacho mji haukujengwa juu yake.

Hata hivyo kipimo cha ukoo kilitumika, tena kwa nguvu ya sheria. Sheria ya uraia ya mwaka 1981, enzi za Zaire, ilimtaka mtu awe na asili katika kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885. Sheria ya mwaka 2004 ilisogeza kipimo hicho hadi mwaka wa uhuru, yaani 1960. Kati ya tarehe hizo mbili yamo maisha ya watu wengi wa Kivu, na ugomvi juu ya nani ni mwenyeji umekuwa miongoni mwa visingizio vya vita tangu miaka ya 1990.

Mwanamuziki Lokua Kanza ni mfano unaofaa kuangaliwa. Alizaliwa Bukavu mwaka 1958, baba yake akiwa Mmongo na mama yake akiwa na asili ya Rwanda. Familia ilihamia Kinshasa angali mtoto, naye baadaye, katika miaka ya 1980, akaenda Paris, ambako sanaa yake ilipevuka. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1993, na ya pili, Wapi Yo, mwaka 1995. Kwa kipimo cha ukoo, Bukavu haina dai juu yake. Kwa kipimo cha ukazi, dai hilo ni la miaka michache ya utotoni. Lakini jina la albamu hiyo ya pili linastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha: ni Kilingala, na maana yake ni ‘uko wapi’, ilhali neno wapi lenyewe limeingia katika Kilingala kutoka Kiswahili. Si busara kudai kwamba msanii alikusudia ishara yoyote kwa jambo hilo. Inatosha kuona kwamba maneno husafiri na kupata uenyeji bila kuulizwa ukoo wao.

Kwa upande wa siasa, mzaliwa anayejulikana zaidi ni Vital Kamerhe, aliyezaliwa mwaka 1959. Aliongoza Bunge la Taifa kuanzia mwaka 2006 hadi 2009, alipojiuzulu baada ya kupinga hadharani kuingizwa kwa majeshi ya Rwanda katika Kivu. Alirudi katika kiti hicho mwaka 2024, akajiuzulu tena mwaka 2025. Kati ya vipindi hivyo alihukumiwa kifungo kwa kesi ya fedha za umma mwaka 2020, na mwaka 2022 akaachiwa huru katika rufaa. Umashuhuri wa aina hii hutegemea zaidi Kinshasa kuliko Bukavu, kwa hiyo haufundishi mengi kuhusu mji.

Habari za Denis Mukwege zina mafunzo mengi zaidi. Alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Imesimuliwa, naye mwenyewe ameirudia habari hiyo mara nyingi, kwamba alipokuwa na umri wa miaka minane alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akauliza kwa nini baba hakumpa mtoto yule dawa. Alisoma udaktari Burundi, kisha akabobea katika magonjwa ya wanawake na uzazi huko Angers, Ufaransa. Wakati huo angeweza kubaki Ulaya, kama walivyobaki wengi. Alirudi mwaka 1989 na kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, kusini mwa mji. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa humo.

Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Bukavu mwaka 1999, ilikusudiwa hasa kwa akina mama wajawazito, kwa sababu vifo vya uzazi vilikuwa vingi. Mgonjwa wa kwanza aliyefanyiwa upasuaji hakuwa mja mzito. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na watu wenye silaha. Tangu hapo Panzi ikawa kimbilio la maelfu ya wanawake wenye majeraha ya namna hiyo na wenye fistula. Mwaka 2018 Mukwege alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Lakini kwa wanaotafuta maana ya mutoto wa Bukavu, tuzo hiyo si ushahidi mkubwa kuliko wa mwaka 2013. Baada ya watu wenye silaha kuvamia nyumba yake Oktoba 2012 na kumwua mlinzi wake, alihamia Ulaya na familia yake. Wanawake wa Kivu, wakiwamo wale wa kisiwa cha Idjwi, waliuza mazao yao ili kuchanga nauli ya kumrudisha. Akarudi Januari 2013. Kwa desturi mwenyeji ndiye humkaribisha mgeni. Hapa ni watu waliomwita mwenyeji arudi kwake, tena kwa mapato ya mashamba yao.

Mji huu pia umewalea watu wa redio, na umashuhuri wao umegharimu damu. Caddy Adzuba, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1981, mwanasheria na mtangazaji wa Radio Okapi, alipata tuzo ya Príncipe de Asturias ya Hispania mwaka 2014 kwa kutetea wanawake walionyanyaswa vitani. Wenzake wawili wa redio hiyo, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa kwa risasi mjini humo, wa kwanza mwaka 2007 na wa pili mwaka 2008. Majina yao hayamo katika orodha za washindi wa tuzo, lakini orodha yoyote ya watu wa Bukavu isiyokuwa nayo ina kasoro.

Wamebaki maaskofu wakuu wawili, ambao hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa mjini. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alizaliwa mwaka 1926 huko Burhale, katika nchi ya Washi. Mwaka 1996, wakati wakuu wa serikali na wa jeshi walipokuwa wakiukimbia mji, yeye alibaki akiomba raia na wakimbizi walindwe. Aliuawa katika eneo la Nyawera tarehe 29 Oktoba mwaka huo.

Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alikuwa Mnande kutoka Kivu ya Kaskazini, na kwa miaka thelathini alikuwa askofu wa Butembo-Beni kabla ya kuletwa Bukavu mwaka 1997. Katika barua yake ya Krismasi ya mwaka 1999 alilaani unyonyaji na utawala wa mabavu. Februari 2000 wakuu wa kundi la RCD, lililokuwa likiutawala mji, walimzuia kuingia Bukavu na kumpeleka Butembo. Kwa mantiki ya ukoo hiyo haikuwa adhabu, maana alirudishwa kwao. Watu wa Bukavu hawakuikubali mantiki hiyo. Walifunga shule na maduka, wakadai arudishwe kwake, na kwa maneno yao kwake palikuwa Bukavu. Baada ya miezi saba, Septemba 2000, aliruhusiwa kurudi na kupokewa na umati mkubwa. Tarehe 4 Oktoba, wiki tatu tu baadaye, alifariki ghafla akiwa Roma. Mwili wake haukupelekwa Butembo. Ulirudishwa Bukavu, ukazikwa huko.