Komando Moja Sebuleni

Katika nyumba zilizojaliwa umeme za Palma na Mocímboa da Praia, na hata katika vijiji vinavyofuata pwani kuelekea Kionga na mlango wa mto Ruvuma, televisheni haikai peke yake. Chini yake kuna king'amuzi, kando yake deki ya DVD, na pembeni, juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, limesimama sabufa na spika zake, mbili au tano kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba. Hiyo ndiyo sinema ya nyumbani. Kila chombo kimekuja na rimoti yake, na jumla yake ni rimoti nne. Moja imefungwa kwa mpira kwa kuwa mfuniko wa betri umepotea, ya pili imefutika maandishi, ya tatu imezama chini ya mto wa kochi, na ya nne aijuaye ilipo ni mtoto wa miaka miwili, naye hasemi.

Watu wa upande wa Tanzania husema rimoti. Wapenzi wa Kiswahili sanifu wamependekeza kitenzambali. Ng'ambo ya Ruvuma, Kireno kimeleta neno lake: comando. Neno hilo hilo kwa Kireno ndilo amri ya jeshi, ndilo makao makuu ya polisi wa mkoa, na tena ndilo askari wa kikosi maalumu. Basi katika nyumba ya askari, mama akiuliza, «Komando yuko wapi?» si ajabu akajibiwa kwamba amekwenda kazini na atarudi mwezi ujao. Mzaha huo una kweli ndani yake. Jeshini hakuna kikosi kinachopokea amri kutoka kwa makamanda wanne kwa wakati mmoja. Sebuleni ndivyo ilivyo kila jioni.

Jambo hili lingeweza kuachwa kuwa anasa ya wenye nazo, lau isingalikuwa hali ya pwani hii. Tangu mashambulizi ya kwanza ya Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba 2017, hadi shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, wakazi wamejifunza kwa machungu thamani ya habari ya hakika. Mji wa Palma uliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika, na uvumi ukashika nafasi ya taarifa. Wengi waliokimbia wamekwisha kurejea, wakajenga upya na kununua upya vyombo vilivyoporwa au kuungua. Katika nyumba kama hizo taarifa ya habari ya jioni si pambo. Mama asiyeweza kuifungulia televisheni anabaki kutegemea maneno ya uani.

Tena nyumba nyingi zimeachwa na wanaume wao kwa muda mrefu. Askari na polisi wa Msumbiji huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Na kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024 majeshi ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, yalikuwa huko katika ujumbe wa SAMIM, hivyo na upande wa kaskazini wa mto familia nyingi zilikaa bila baba. Aghalabu aliyeunganisha nyaya na kupanga vyombo ni yeye. Anajua kwamba kwanza huwashwa televisheni, kisha king'amuzi, kisha hubonyezwa kitufe cha kuchagua njia mara tatu, si mbili, kisha sabufa huwekwa kwenye AUX. Hakuyaandika popote. Anapopanda gari la kikosi, ujuzi wote umepanda naye.

Ndiyo maana rimoti moja ya kuendesha vyombo vyote, ambayo hupatikana kwa bei isiyotisha katika maduka ya vifaa vya umeme, yastahili kufikiriwa vema. Lakini kuinunua si kuimiliki. Haina budi kupangwa, na kupangwa ndiko kunakowashinda wengi.

Yafaa kwanza kufahamu inavyofanya kazi. Rimoti nyingi husema na chombo kwa mwanga usioonekana kwa macho, uitwao infraredi, unaopepesa mara zipatazo 38,000 kwa sekunde. Katika mpepeso huo mna namba ya siri ya kila kitufe, na kila kampuni ina namba zake. Mwanga huo jicho halioni, ila kamera ya simu huona: elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera, hasa ile ya mbele ya simu, kisha bonyeza, ukionekana mng'ao mweupe au wa zambarau, rimoti ni nzima na kasoro iko kwingine. Kwa jaribio hilo dogo nyumba nyingi zingeacha kutupa rimoti zisizo na kosa. Na kwa kuwa ni mwanga, jua kali la mlangoni likiipiga televisheni usoni laweza kuifumba jicho. Sogeza pazia kabla ya kumlaumu fundi.

Njia ya kwanza ya kuipanga ni kwa namba. Ndani ya pakiti mna kijitabu cha majina ya kampuni, na mbele ya kila jina safu ya namba zenye tarakimu tatu au nne. Kwa kawaida hushikwa kitufe cha SET mpaka taa nyekundu iwake na kubaki. Hubonyezwa TV, kisha namba. Taa ikizimika, imepokea. Jaribu kuzima televisheni. Isipotii, jaribu namba inayofuata. Vijitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza, Kireno au Kichina, na hapo ndipo msomi wa nyumba, aghalabu binti wa sekondari, hupata nafasi ya kuwasaidia wakubwa wake.

Namba zikikosekana, zipo rimoti zinazotafuta zenyewe. Huelekezwa kwenye televisheni iliyowashwa, nayo hutuma namba moja baada ya nyingine mpaka televisheni izimike. Hapo sharti mtu awe macho na kidole chepesi: akichelewa kidogo, rimoti imekwisha kuipita namba iliyotakiwa na kazi inaanza upya.

Tatizo ni ving'amuzi na masabufa. Vijitabu vingi hutungwa kwa ajili ya masoko ya mbali, na sabufa la bei nafuu lililovushwa kutoka Mtwara kwa kivuko cha Kilambo na Namoto huenda jina lake halimo kabisa. Kwa chombo cha namna hiyo yafaa rimoti inayofundishwa. Mbili hulazwa mezani, kichwa kwa kichwa, zikiachana sentimita chache. Mpya huwekwa katika hali ya kujifunza. Hubonyezwa kitufe cha mpya, kisha kitufe kile kile cha rimoti ya asili, na taa hupepesa kuonyesha kwamba somo limeingia. Hufanywa hivyo kitufe kwa kitufe. Kazi hiyo ni ya saa nzima, na ina sharti moja lisilo na huruma: mwalimu lazima awe hai. Nyumba ingojayo rimoti ya asili ife au ipotee ndipo inunue ya kufundishwa, imechelewa.

Rimoti zenye maikrofoni ya kuongelea, zijazo na televisheni za kisasa, ni jambo jingine. Nyingi kati yake hutumia redio, si mwanga, na rimoti ya kawaida ya vyombo vyote haiwezi kuziiga.

Sasa twaja kwenye kitufe kinachosifiwa kuliko vyote, kile cha mfuatano wa amri. Hubonyezwa mara moja, nacho hutuma amri zote kwa zamu: televisheni iwake, king'amuzi kiwake, sabufa liwake, njia ibadilike. Katika maonyesho ya dukani jambo hili hupendeza mno. Huko Palma lina adui, naye ni kukatika kwa umeme.

Sababu yake ni hii. Katika vyombo vingi kitufe cha kuwasha ndicho hicho hicho cha kuzima. Amri ni moja, nayo maana yake ni «geuka». Umeme ukikatika na kurudi, vyombo havirudi katika hali moja. King'amuzi huenda kikawaka chenyewe, televisheni ikabaki imelala, sabufa likaamka na sauti yake ya kiwandani. Bibi akibonyeza kitufe cha mfuatano, televisheni inawaka na king'amuzi kinazimika. Akibonyeza tena, kinawaka na televisheni inalala. Vitapokezana hivyo hadi taarifa ya habari iishe, bibi akiamini kwamba amekiharibu chombo cha watu.

«Bibi, bonyeza AUX,» mjukuu atapaza sauti kutoka jikoni.

«Mjukuu wangu, hiyo AUX ni ipi katika hivi vyote?»

Dawa yake ni kuondoa amri za kuwasha katika mfuatano, na kuacha zile za kuchagua njia peke yake. Kila chombo kiwashwe kwa kitufe chake, mtu akitazama taa yake. Pale ambapo rimoti huruhusu amri mbili tofauti, moja ya kuwasha tu na nyingine ya kuzima tu, mfuatano waweza kuaminiwa. Ila vyombo vya bei nafuu havina jambo hilo. Pia amri zisifuatane kwa haraka mno, kwa maana televisheni huchukua sekunde kadhaa kuamka, na amri inayoifikia ikiwa bado usingizini hupotea.

Lipo jambo moja dogo lenye faida kubwa kuliko mfuatano wote. Vitufe vya sauti vifungwe kwa sabufa siku zote, hata kama rimoti iko upande wa televisheni au wa king'amuzi. Rimoti nyingi huruhusu. Ugomvi wa sauti, ambapo mmoja anaongeza kwenye televisheni na mwingine anapunguza kwenye sabufa, utakwisha siku hiyo hiyo.

Wenye televisheni mpya huenda wasihitaji kununua kitu. Vyombo vilivyounganishwa kwa waya wa HDMI vyaweza kuamrishana vyenyewe. Samsung huita mpango huo Anynet+, LG huuita Simplink, Sony huuita Bravia Sync. Hufunguliwa mara moja ndani ya mipangilio, na rimoti ya televisheni huanza kuongoza sauti ya sabufa, mradi sabufa nalo linafahamu lugha hiyo. Baadhi ya simu, kama nyingi za Xiaomi, zina taa ya infraredi na hugeuka rimoti. Ni jambo zuri, ila simu ni ya baba, na baba anaondoka nayo.

Ulimwengu umekwisha kuliona kosa la kumpa mtu chombo chenye uwezo mwingi asioweza kuufikia. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya waya, na watu wakajikwaa. Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa Apple, alitoa CORE, rimoti ya kufundishwa yenye uwezo mkubwa kwa siku zake. Mtu wa kawaida aliiona ngumu kuipanga, nayo haikuenea. Zikaja Harmony za Logitech, zilizopendwa sana, lakini kuzipanga kulihitaji kompyuta au simu pamoja na intaneti, na mwaka 2021 kampuni ikaacha kuzitengeneza. Kwa mji ambao mwaka huo huo ulikaa bila mtandao wa simu, rimoti ya kijitabu na namba nne yaonekana kuwa na busara zaidi.

Pwani ina adui mwingine, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huingia kila mahali, na vyuma vinavyoshika betri huota kutu ya kijani au unga mweupe. Toa betri, sugua vyuma hivyo kwa pamba iliyoloweshwa siki kidogo, pangusa kwa kitambaa kikavu, acha vikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Rimoti isiyotumika kwa mwezi isiachwe na betri ndani. Mfuko wa nailoni ambao akina mama huivisha rimoti, na vijana huucheka, ni kinga ya kweli dhidi ya mchanga na mikono yenye mafuta ya samaki. Lakini uwe mwangavu upande wa kichwa.

Imebaki kusema nani aipange. Desturi humkabidhi baba. Ni afadhali aipange yule anayebaki nyumbani, baba akiwa ameketi kando na kunyamaza, jambo ambalo kwa baadhi ya makamanda ni gumu kuliko gwaride. Kidole kilichoandika namba hukumbuka. Kisha, kabla safari haijafika, mama aizime seti yote, achomoe waya ukutani kana kwamba umeme umekatika, auchomeke tena, na airudishe picha na sauti peke yake. Bibi naye ajaribu. Vitufe wasivyovihitaji vifunikwe kwa karatasi ya gundi, na vile vitano au sita vya kila siku vitiwe alama ya rangi ya kucha: nyekundu ya kuwasha, nyeupe ya sauti.

Namba za kila chombo ziandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya mfuniko wa betri, na mara ya pili nyuma ya televisheni, kwa kuwa rimoti nyingine za bei nafuu husahau kila kitu zikikaa bila betri kwa dakika chache. Betri mpya ziwe tayari mkononi ndipo za zamani zitolewe.